Linachemsha Lini? Swali la Kwanza kwa Pikapu ya Zamani

Hotuba iliyotolewa Arua, Uganda, mbele ya madereva, tanboi, mafundi na wenye magari. Tunaiweka hapa kamili kwa ajili ya wenzetu waliokuwa barabarani siku hiyo.

Ndugu madereva, mafundi wetu, tanboi, na ninyi wenye magari mliokuja kujua pesa zenu huwa zinakwenda wapi, karibuni, na asanteni kwa kuamka mapema. Tuliwaita asubuhi hii kwa sababu. Pale chini ya mwembe mnaiona pikapu ya kijani. Haijawashwa tangu jana jioni na injini yake ni baridi kabisa. Tunawaombeni sana, mtu yeyote asiiwashe. Ubaridi wake tutauhitaji tukimaliza kuongea.

Leo tunazungumzia pikapu za zamani. Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L. Isuzu za 4JA1. Mitsubishi za 4D56. Mnazijua, ndizo zinazobeba samaki kutoka Panyimur, mihogo kutoka vijijini, saruji kwenda Koboko, na watu kwenda kila mahali. Injini hizi zimejengwa kwa nguvu. Zikitunzwa zinaendelea kufanya kazi hata mwenye gari akizeeka. Lakini ziko na adui mmoja ambaye hazimvumilii, naye ni joto.

Gari likichemsha, hapa kwetu tunafanya nini? Tunabadilisha vitu. Leo themostati, ile vali inayofungulia maji ya moto njia ya kwenda kwenye rejeta, inatolewa na kutupwa. Kesho kifuniko. Wiki ijayo pampu ya maji. Mwezi ujao mtu anatumwa Kampala kutafuta rejeta iliyotumika. Halafu gari linachemsha tena, kilima kilekile. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kwanza. Watu waliuliza "tubadilishe nini?" kabla hawajauliza "linachemsha lini?"

Lini! Likiwa limesimama, au likitembea? Likipanda na mzigo, au hata likiwa tupu kwenye tambarare? Baada ya saa mbili za safari, au baada ya dakika kumi kutoka nyumbani? Dereva anayeweza kujibu maswali hayo amemfanyia fundi nusu ya kazi, na fundi asiyeyauliza anacheza bahati nasibu kwa pesa za mtu mwingine.

Joto lina safari moja tu. Linazaliwa ndani ya silinda, linaingia kwenye maji, maji yanalibeba hadi kwenye rejeta, na hewa inalichukua kutoka kwenye rejeta. Basi. Gari likichemsha, joto limekwama mahali fulani katika safari hiyo, au joto jingine lisilostahili limeingia njiani. Kazi yetu ni kujua limekwama wapi.

Tuanze na hewa. Fikirieni pikapu inayotoka hapa jioni kwenda Kampala. Inapita Pakwach, inavuka Karuma, inatembea usiku kucha, mshale wa joto umetulia katikati. Asubuhi inafika Bwaise, mlangoni mwa Kampala, inakuta foleni. Dakika ishirini za kusukumana, mshale unapanda. Foleni ikifunguka na gari likikimbia kidogo, mshale unashuka wenyewe. Ikifika gereji, jambo la kwanza anaambiwa dereva: "Rejeta imeziba." Je, ni kweli? Rejeta iliyoziba ingewezaje kupoza injini usiku kucha na mzigo juu? Gari likikimbia, upepo wa barabarani ndio unaopoza. Likisimama, anayevuta hewa ni feni peke yake. Basi gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea, tafuta ugonjwa kwenye feni na njia ya hewa. Usiguse rejeta kabla ya hapo.

Chukua karatasi moja ya daftari. Injini ikiwa imewaka na ina joto, simama mbele ya gari, isogeze karatasi kwenye rejeta. Feni nzima inaivuta na kuigandisha pale. Karatasi ikidondoka, hewa haivutwi. Sasa zima injini, tia funguo mfukoni, fungua boneti. Nasema mfukoni kwa sababu vidole vilivyokatwa na feni havirudi. Pikapu nyingi za aina hii zina klachi katikati ya feni, kile kichwa cha aluminiamu chenye mafuta ya silikoni ndani. Injini ikiwa bado moto, isukume feni kwa kidole. Inapaswa kuwa nzito, ikatae kuendelea. Ikizunguka yenyewe kama baiskeli iliyopinduliwa, klachi imekufa. Angalia pia katikati yake: michirizi myeusi yenye vumbi lililoganda ni mafuta yaliyovuja. Kwa klachi za Toyota mafuta hayo yanauzwa katika vichupa vidogo vya mililita 18, na klachi nyingine hufufuka zikiongezwa. Wako wanaoifunga klachi kwa bolti au kuichomelea ili feni izunguke muda wote. Itakufikisha nyumbani, ndiyo. Lakini ukiiacha hivyo feni inakula nguvu ya injini na dizeli kila kilomita, na beringi ya pampu ya maji inabeba mzigo ambao haukuwa wake.

Kile kikombe cha plastiki kinachoizunguka feni nacho wengi wamekitupa kwa sababu kilivunjika au kilimsumbua fundi. Bila hicho feni inazungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta. Kitafuteni, kirudisheni. Na feni iliyofungwa kinyume baada ya matengenezo bado inavuta hewa upande uleule, ila kidogo sana, kwa hiyo mtu haoni kosa. Linganisha na gari la jirani.

Mkanda hauna maneno mengi. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba kwa nguvu: ukiingia milimita 10 hadi 12, sawa. Ukiingia zaidi, ukaze. Ukiwa unang'aa kama kioo upande wa ndani, unateleza hata ukiukaza, ubadilishe. Gari lenye mikanda miwili sambamba, badilisha yote miwili kwa pamoja, maana mpya na mzee havibebi sawa.

Halafu uso wa rejeta. Barabara zetu za murram, nyasi ndefu, mbegu, panzi, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Vyote vinakaa kwenye vile vibati vyembamba katikati ya mirija. Ukitazama kwa mbele unaona safi, kumbe uchafu umelala kati ya rejeta na kipoza cha AC. Osha kwa maji ya bomba yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kwenda mbele, njia ambayo uchafu uliingilia uurudishe huko huko. Mashine za kuoshea magari, zile zenye presha, zinalaza vibati, na kibati kilicholala ni dirisha lililofungwa.

Sasa mkae vizuri, maana jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Kuna gari la aina nyingine. Hili halijali foleni. Linasimama sokoni injini ikiwaka nusu saa, mshale haushtuki. Lakini lipakie samaki na barafu pale Panyimur, litoke kwenye joto la ziwani, lianze kupanda kuelekea Nebbi kwa gia ya pili. Robo ya kilima, mshale unaondoka. Hili lina ugonjwa gani? Feni inafanya kazi, tumeona likisimama. Shida ni kwamba injini inapotoa joto jingi, maji hayalifikishi nje kwa kasi inayotakiwa. Hapa sasa ndipo rejeta inashtakiwa. Lakini hata hapa, pima kwanza.

Injini ikishapata joto la kawaida, zima, funguo mfukoni, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka kushoto hadi kulia. Katika rejeta ambayo maji hushuka kutoka juu, ni kawaida chini kuwa na joto pungufu kidogo kuliko juu. Kisicho kawaida ni mistari ya baridi iliyosimama wima. Kila mstari wa baridi ni mirija ambayo maji hayapiti. Ukitaka uhakika, itoe rejeta, ziba tundu la chini kwa kiganja, ijaze maji, kisha achia ghafla. Maji yatoke yakijaza tundu lote na kuisha kwa haraka. Yakitoka kwa uvivu kama mtungi wenye ufa, mirija imejaa ukoko. Rejeta za zamani za shaba zina bahati: fundi wa solda anaweza kufungua vichwa na kuchokonoa mirija mmoja mmoja kwa ubapa wa chuma. Zile za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hazichokonolewi hivyo. Hizo ukishathibitisha, unanunua nyingine.

Lakini kabla ya kununua, tazama hozi ya chini. Mtu mmoja akanyage mafuta injini ikiwa na joto, mwingine aangalie kutoka pembeni. Hozi ya chini ndiyo pampu inayonyonyea. Ikiwa imelainika kwa uzee, au ile springi ya ndani imeoza, inajikunja na kubanana injini ikirindima, kisha inarudi kawaida ukiachia. Kwenye gereji injini ikinguruma taratibu, hozi inaonekana nzima. Kilimani inajinyonga. Hozi moja tu! Na watu wamekwisha kununua rejeta mbili.

Pampu yenyewe: tazama kitundu kidogo chini ya shingo yake. Kikitoa maji au alama za kutu, sili imeisha. Shika feni, itikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi imeisha. Na ndani, mabawa ya pampu huliwa na kutu kwenye injini iliyonyweshwa maji matupu kwa miaka, mpaka inazunguka bila kusukuma kitu. Magurudumu nayo msiyasahau: breki inayoshika inaifanya injini ivute mzigo usioonekana. Baada ya safari gusa karibu na kila gurudumu. Moja likiwa moto kuliko mengine, umepata sehemu ya jibu.

Tuje kwa themostati. Wazee wetu, mafundi, hapa tunaomba mtusikilize kwa moyo wote, maana ndipo tunapoua injini nyingi tukidhani tunaziokoa.

Ni wangapi hapa wanaendesha pikapu isiyo na themostati? Nyoosheni mikono, hatumtanii mtu. Mmeona? Ni wengi. Mtaambiwa: "Uganda hakuna baridi, themostati ni ya Wazungu." Sivyo. Themostati kwenye injini nyingi za aina hii ina visahani viwili. Kisahani cha juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yakipata joto. Kisahani cha chini, wakati huohuo, hufunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya rejeta iko wazi, sawa. Na njia ya mkato? Nayo iko wazi, daima! Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini ikiwa na moto wake uleule. Kwenye tambarare hutaona. Kilimani utaona. Na asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, mafuta hayapati joto lake, dizeli haiungui vizuri, silinda zinalika. Umeondoa mlinzi mlangoni ukadhani umeongeza usalama.

Kuipima ni kazi ya sufuria. Iangalie, imeandikwa namba: 76, 82 au 88. Hiyo ni digrii ambayo inaanza kufunguka. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, tia kipimajoto, washa jiko la mkaa. Ianze kufunguka karibu na namba yake, na digrii 15 hivi juu ya hapo iwe imeinuka milimita 8 au zaidi. Ikipoa ifunge kabisa. Lakini sikilizeni, mafundi wa Arua: mji huu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji kwenye sufuria hapa yanachemka kwa digrii 96 hivi, hayafiki 100. Themostati ya 88 haitafunguka yote ndani ya sufuria yako, kwa sababu maji hayawezi kufika joto inalolihitaji. Msiihukumu kwa hilo. Na ukiirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu kabisa, kama saa sita kwenye uso wa saa, ili hewa ipate pa kutokea.

Hiyo digrii 96 ndiyo inatuleta kwenye kifuniko cha rejeta. Kifuniko ni kitu kidogo, cha bei ndogo, na hakuna kinachodharauliwa kama hicho. Kuna gari hapa limefungwa kwa mfuko wa nailoni na kipande cha tairi. Tumeliona tukiingia.

Kifuniko kimeandikwa 0.9, au 1.1 kwenye magari mengine. Maana yake kinazuia presha mpaka kiwango hicho kabla ya kuachia. Na presha inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu hapa Arua bila kifuniko yanachemka kwa digrii 96. Yakifungwa na kifuniko kizima cha 0.9 yanafika karibu 116 kabla ya kuchemka. Digrii 20 nzima! Na injini yenyewe inapenda kufanya kazi kati ya 85 na 95. Piga hesabu: bila kifuniko, umebakiwa na digrii ngapi kabla ya mvuke? Moja? Mbili? Ukipanda Zombo na Paidha, ambako ni juu zaidi, hata hizo huna. Gari zima kabisa litachemsha kwa sababu ya mfuko wa nailoni.

Kifuniko kina vali mbili. Kubwa inaachia presha ikizidi, maji yanakwenda kwenye chupa ya akiba. Ndogo, ile ya katikati, inayarudisha maji gari likipoa. Kwa hiyo chupa ya akiba inapaswa kupanda ikiwa moto na kushuka asubuhi. Ikipanda tu na isishuke, huku rejeta inapungua, kifuniko hakivuti, au mpira wa kwenda kwenye chupa una ufa, au mdomo wa rejeta umepinda. Na ukikuta asubuhi hozi ya juu imenywea, vali ndogo haifunguki. Shikeni tofauti hii: hozi ya juu inanywea gari likipoa, hozi ya chini inanywea injini ikirindima. Ni magonjwa mawili tofauti. Na msifunge kifuniko chenye namba kubwa kuliko kilichoandikwa kwa gari lenu mkidhani ni dawa. Solda ya zamani itapasuka.

Na hakuna kufungua kifuniko gari likiwa moto. Hakuna! Ule mvuke unachuna ngozi ya uso. Ngoja nusu saa au zaidi, bonyeza hozi ya juu, ikiwa laini weka kitambaa kinene, zungusha mpaka kituo cha kwanza, acha ipumue, ndipo umalizie.

Tuseme sasa uko njiani na mshale unapanda. Punguza mwendo, shuka gia, washa hita yote na feni yake hata kama unatoka jasho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo. Simama penye usalama. Kama maji hayajamwagika, acha injini ingurume taratibu ili maji yaendelee kuzunguka. Kama unaona mvuke mkali au maji chini, zima mara moja. Kuna dereva aliyepanda kutoka Pakwach mshale ukiwa juu, akaona ghafla umeanguka mpaka chini. Akamshukuru Mungu, akaongeza mwendo. Kumbe mshale ulianguka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Kile kipimo kwenye injini kinapima joto la maji. Kikibaki hewani hakijui kitu. Mshale unaoshuka ghafla wakati wa kupanda si habari njema. Zima papo hapo. Na usimimine maji baridi kwenye injini inayowaka moto. Hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, inapasuka kama glasi. Ngoja ipoe, halafu yaongeze kidogo kidogo injini ikinguruma.

Jambo la tatu ndilo ambalo kila mwenye gari anaogopa kulisikia. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini.

Fikirieni pikapu iliyobadilishwa rejeta, pampu, themostati na kifuniko, vyote vipya, na bado inatema maji kwenye chupa. Tambarare inatema. Tupu inatema. Hapo joto halijakwama njiani. Kuna moto wa ziada unaingia kwenye maji moja kwa moja kutoka kwenye silinda. Tutajuaje bila kufungua hedi? Hapa ndipo ubaridi unapotusaidia. Gari likiwa limelala usiku, maji baridi, kifuniko kimefungwa, washa injini. Shika hozi ya juu. Hesabu. Ikiwa ndani ya dakika moja au mbili hozi imekuwa ngumu, jiulize: presha hiyo imetoka wapi? Maji bado ni baridi. Joto halijafika. Presha hiyo haiwezi kuwa ya joto. Ni gesi ya silinda. Au fungua kifuniko kungali baridi, washa, tazama ndani: mapovu yanayoendelea bila kukoma, hata ukikanyaga mafuta, ni gesi ileile. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa ya kawaida, msiogope hayo. Kuna pia kifaa chenye majimaji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Yakigeuka rangi kuelekea kijani au manjano, yamekuta gesi ya moshi.

Kwenye dizeli unaweza hata kujua ni silinda ipi. Injini ikinguruma, legeza nati ya paipu inayopeleka dizeli kwenye nozeli, moja baada ya nyingine, nusu mzunguko tu, kitambaa juu, mkono usiwe mbele yake, kwani dizeli yenye presha inatoboa ngozi. Silinda ambayo ukiilegeza mapovu yanapungua, ndiyo hiyo. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, au moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa moto, ni mashahidi wengine. Lakini msisubiri mashahidi wote waje. Gasketi nyingi zinapitisha gesi kwa miezi na oili bado ni safi.

Hedi ikishafunguliwa, weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu, kwa upana, na kwa mishazari miwili, pitisha kipimo cha pengo chini yake. Kwa injini hizi tulizozitaja kikomo ni karibu milimita 0.2. Ikizidi, usiirudishe hivyo. Kabla ya kuipeleka kuskimiwa, yaani kusagwa uso wake unyooke, ipimwe kwa presha kama ina ufa, maana hedi za dizeli za zamani hupasuka kati ya vali, na kuskimu hedi yenye ufa ni kulipa mara mbili. Baada ya kuskimu, vali zipimwe zimezama kiasi gani, zisije zikagonga pistoni. Gasketi ya dizeli inauzwa kwa unene tofauti, umeonyeshwa kwa alama au pengo pembeni. Linganisha na ya zamani kabla hujaitupa. Bolti zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu. Mkono haujui kupima.

Tumalizie na maji yenyewe. Tunamwagia nini injini zetu? Maji ya kisima yenye chumvi za ardhini, maji ya mto yenye udongo. Tazama birika la nyumbani linalochemsha maji ya kisima kila siku: ule ukoko mweupe ndani yake. Sasa injini inachemsha maji yaleyale maelfu ya saa, na mirija ya rejeta ni myembamba kuliko mdomo wa birika. Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, haikutengenezwa kwa ajili ya theluji tu. Inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu: lita 5 za kulanti, lita 5 za maji, na utakuwa na ya kujaza rejeta nyingi za pikapu, pengine na kidogo ya kubeba. Maji yawe yale safi yanayouzwa kwa ajili ya betri, au ya mvua safi, iliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, ikapitishwa kwenye kitambaa. Rangi ya kulanti isiwadanganye, tazameni maandishi. Ikigeuka kahawia kama chai, imwageni yote, suuzeni mpaka maji yatoke safi. Yai bichi, bizari, sabuni, vitu hivyo vinavyotiwa ili kuziba tundu, vinaziba pia mirija na themostati. Na asidi ya betri kwenye rejeta inakula solda kabla haijala kutu.

Ukijaza, jaza polepole. Egesha pua ya gari ikitazama juu kwenye mteremko, fungua hita, minya hozi kwa mkono ili hewa itoke, acha kifuniko wazi injini ikinguruma mpaka themostati ifunguke na maji yashuke. Ongeza, funga. Kesho asubuhi angalia tena ikiwa baridi. Hewa iliyofungiwa ndani inachemsha gari lililotengenezwa vizuri.

Sasa ile pikapu ya kijani. Mwenyewe yuko hapa, ametuambia hivi: inachemsha dakika kumi baada ya kutoka nyumbani, hata ikiwa tupu, hata kwenye tambarare. Rejeta ni mpya. Pampu ni mpya. Oili yake ni safi. Kila mmoja wenu amekwisha kupata jibu kichwani, tunaliona usoni mwenu. Mliweke hapo hapo. Twendeni mwembeni. Wewe kijana mwenye shati jeupe, njoo ushike hozi ya juu, uibonyeze kwanza ujue ulaini wake, uweke na mkono wako mbali na feni. Mzee, wewe una saa, utatuhesabia dakika. Wengine jipangeni mtazame. Dereva, tukiwa tayari tutakwambia uwashe.